Ripoti yetu ina kurasa 84, mbona hakuna anayeisoma?

Swali: Mimi ni katibu wa taasisi ndogo ya utafiti hapa Songea. Mwaka jana tulihoji wakulima na wachuuzi wa mahindi kuhusu ushuru wa mazao. Wengi walilalamika kutozwa kwenye mageti, hata wenye gunia tano sita wanaovuka kwenda halmashauri ya jirani. Tukatoa ripoti ya kurasa 84 inayopendekeza serikali ipunguze ushuru. Tuliipeleka wizarani na kwa mbunge, tukaizindua hotelini, na hadi leo kimya. Sasa amejitokeza mshauri elekezi anayetaka milioni nne aifupishe na kutukutanisha na waziri kabla ya bajeti kusomwa. Tumlipe? Na hizi taasisi kubwa za utafiti wa sera, REPOA na ESRF, wao wanafanyaje mpaka wanasikilizwa?

Jibu: Msimlipe. Ningeishia hapo, ila barua za namna hii hunifikia kila Bunge la bajeti linapokaribia, na huyo mshauri wa milioni nne hakosekani ndani yake. Hubadilika jina tu.

Ndugu katibu, someni upya matokeo yenu wenyewe. Mwenye gunia sita hajafikisha tani. Mwaka 2017, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, ilipobadilishwa, mzigo usiofika tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine uliondolewa ushuru. Kiwango nacho, kilichokuwa kikifika asilimia 5, kikashushwa hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Kwa hiyo mlichokiona getini ni sheria isiyofuatwa. Mmemwandikia waziri kurasa 84 mkimwomba kitu ambacho kwa sehemu kubwa kilishatolewa. Afisa akifika kwenye mapendekezo anafunga kablasha, na mimi ningelifunga.

Kinachonichosha zaidi ni hii imani kwamba sera imo mfukoni mwa waziri, ukimfikia umemaliza. Pendekezo huanzia kwa afisa, mara nyingi wa Idara ya Sera na Mipango, ambaye ndiye anayeandika rasimu ya waraka. Kisha linapita kwenye kikao cha makatibu wakuu, ambako wa Fedha atauliza swali lake lile lile: pengo nani ataliziba? Likivuka hapo ndipo linaingia Baraza la Mawaziri. Mkipiga picha na waziri halafu akawaambia "mpelekeeni Katibu Mkuu", mtakuwa mmerudi pale mlipoanzia, mkiwa na milioni nne pungufu.

Na swali la pengo hamkuligusa kabisa. Ushuru wa mazao ni mapato ya ndani ya halmashauri. Asilimia 10 ya mapato hayo, kisheria, ndiyo inayokopeshwa vikundi bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Yule mama mliyemhoji getini huenda kikundi chake kinasubiri mkopo huo huo. Sisemi ushuru usiguswe. Nasema anayeandika "serikali ipunguze" bila kupiga hesabu hiyo ameandika malalamiko, na malalamiko hayahitaji sampuli.

Pendekezo ni sentensi ambayo afisa anaweza kuinakili kwenye waraka wake bila kukupigia simu: nani afanye nini, kwa kifungu kipi, kwa gharama gani, kuanzia lini. Lenu lingesema mkurugenzi wa halmashauri awaelekeze kwa maandishi watoza ushuru wote kuruhusu mzigo wa chini ya tani moja, na bango la kusema hivyo liwekwe kila geti. Rudini basi kwa wachuuzi, mpige picha risiti zao za POS, ile mashine ya kukusanyia ushuru, zinazoonyesha tarehe, uzito na kiasi walichotozwa. Risiti thelathini za mizigo iliyosamehewa na sheria zina uzito kuliko ripoti nzima. Mpelekeeni mkurugenzi, nakala kwa Katibu Tawala wa Mkoa na TAMISEMI.

Ndivyo vyandarua vilivyofika nchi nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara walifuatilia mradi wa vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga, na mwaka 2001 wakachapisha kwamba uhai wa watoto waliovitumia uliongezeka kwa asilimia 27. Namba hiyo peke yake ingebaki kwenye majarida ya madaktari. Lakini mradi ulikuwa umeshajaribu na njia yenyewe: dukani wanauza, mjamzito anapewa hati ya punguzo kliniki, anakwenda nayo dukani. Hati Punguzo ilipoanza kitaifa mwaka 2004, wizara haikuanzia patupu.

REPOA na ESRF mnaowataja wapo tangu miaka ya 1990. Hawana ufunguo wa siri. Wanaijua kalenda, na maofisa wanawajua kwa kazi za nyuma. Mwongozo wa bajeti hutoka kabla mwaka haujageuka, halmashauri hupitisha makisio mapema mwaka unaofuata, na Bunge la bajeti linapoanza Aprili ukomo wa bajeti umeshapangwa. Kama siku moja mtakuwa na hoja ya kweli ya kubadili kiwango cha ushuru, Kamati ya Bunge ya Bajeti huita wadau inapochambua Muswada wa Sheria ya Fedha. Pale wanataka jedwali tu: kifungu, marekebisho, sababu. Mlangoni hakuna kiingilio, wala cha milioni nne.

Maana hawa washauri hawauzi ufupisho. Wengi wanauza hitimisho. Nimewahi kuletewa hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi ya mshauri, ambamo matokeo yalikuwa yameshaandikwa, imebaki kutafuta watu wa kuyasema. Ulinganishe na shirika la Twaweza walipofanya KiuFunza mwaka 2013 na 2014, jaribio la kuinua ufundishaji katika shule 350. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, nyingine walimu wakaahidiwa bonasi, nyingine vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua kusoma wala kuhesabu. Watoto walipanda pale ruzuku ilipoambatana na bonasi. Waliosubiri kusikia kwamba fedha zikifika shuleni kazi imekwisha hawakufurahi, lakini matokeo yalitoka vile vile. Muulizeni mshauri wenu lini mara ya mwisho alimpelekea mteja jibu asilolitaka.

Muulizeni na kuhusu kibali cha utafiti. Akijibu "hicho tutakimalizia mbele", mkimbieni. Mwaka 2018 Twaweza hao hao walipotoa matokeo ya Sauti za Wananchi, utafiti wao wa maoni ya watu, COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia inayotoa vibali vya utafiti, iliwaandikia barua kuhusu kibali, na wiki kadhaa watu walijadili karatasi badala ya takwimu. Hiyo ni taasisi yenye jina na wanasheria. Ninyi mkiulizwa kibali mbele ya baraza la madiwani na mkakosa cha kuonyesha, hakuna atakayejadili tena mahindi.