Nikiongoza kwaya ni kiburi?

SWALI: Shikamoo anti. Niko Mwanjelwa hapa Mbeya, nauza viatu vya mtumba. Mwalimu wa kwaya anataka niongoze sauti ya kwanza, mi nakataa maana naogopa kukosea afu watu waseme najisikia. Mkristo kujiamini si kiburi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Sio kiburi, na nakuomba kabisa uache kukataa. Soma Kutoka 4, Musa alisema yeye mzito wa kusema, Mungu akamuuliza nani kaumba kinywa cha mtu, akaahidi kuwa naye, bado Musa akang'ang'ania atumwe mwingine na hapo Mungu akakasirika, mstari wa 14 huo. Hofu yako nayo inakuangalia wewe tu, wataniona vipi, watasemaje, wenzio unaoimba nao umeshawasahau. Warumi 12:3 Paulo anakataza mtu kujiona kupita kiasi, lakini mistari inayofuata anataja karama na anataka zitumike! Kiburi kitakuja siku utakapokataa kurekebishwa, hapo ndo uogope. Sokoni si unaita wateja kwa sauti yote? Sauti ni hiyo hiyo. Mazoezi yajayo mwambie mwalimu uko tayari, ukikosea rudia.