Mbwa ana babesia na majibu yanaonyesha mafuta ya damu yamevurugika: usimpe dawa ya kolesteroli

Mkuu mleta uzi, pole kwa kuuguza. Nimeelewa hivi: German Shepherd wako amekutwa na babesia, amechomwa sindano ya imidokabu (dawa ya kuua babesia), na kwenye karatasi ya majibu umeona trigliseridi (aina ya mafuta ya damu) ziko juu, HDL (mojawapo ya vibebaji vya kolesteroli kwenye damu) iko chini. Jirani anakushauri umpe vidonge vya kolesteroli anavyotumia mzazi wake. Tafadhali usimpe. Nafanya kazi kwenye maabara ya kliniki ya wanyama hapa Arusha, na majibu ya aina hiyo nayaona kila kupe wanapozidi baada ya mvua. Mafuta hayo yamevurugwa na ugonjwa, na kinachotibiwa ni ugonjwa.

Babesia ni kimelea kinachoingia na mate ya kupe, kinajipenyeza ndani ya chembe nyekundu za damu, kinazaliana humo mpaka chembe inapasuka. Wafugaji wa ng'ombe wanamjua ndugu yake, yule anayesababisha ng'ombe kukojoa damu. Kwa mbwa wa huku kwetu wapo Babesia vogeli, ambaye mara nyingi si mkali sana, na Babesia rossi, ambaye anaua. Huyu rossi haishii kwenye kupasua chembe na kufanya mkojo uwe na rangi ya kahawa. Anaamsha mchochota (ile hali ya mwili kuvimba na kupambana na ugonjwa) wa mwili mzima, na hapo ndipo habari ya mafuta inapoanzia.

Kwanza ujue kwamba mbwa si binadamu. Sisi kolesteroli yetu nyingi inabebwa na LDL (kibebaji kingine), ndiyo maana daktari anaihofia. Mbwa kolesteroli yake nyingi inabebwa na HDL. Mchochota ukipamba moto, ini linaanza kutengeneza kwa wingi protini za dharura, mojawapo ikiitwa amiloidi A ya seramu (seramu ni majimaji ya damu). Protini hiyo inajibandika kwenye HDL na kuisukuma nje protini yake ya kawaida, na HDL inashuka haraka. Kwa kuwa HDL ndiyo mbebaji mkuu, kolesteroli ya jumla nayo inaweza kushuka. Kimelea chenyewe pia hakiwezi kujitengenezea kolesteroli. Cha kujengea utando wake kinakichukua kwa mwenyeji wake.

Trigliseridi zinapanda kwa njia nyingine. Kuna kimeng'enya kwenye kuta za mishipa midogo ya damu ambacho kazi yake ni kuzivunja ili misuli na tishu za mafuta zizitumie. Kemikali za mchochota zinakipunguza nguvu. Wakati huohuo mbwa amegoma kula, mwili unayeyusha akiba yake ya mafuta, ini linayapokea, linayafunga upya na kuyarudisha kwenye damu. Yanayoingia ni mengi, yanayoondolewa ni machache. Huko Ulaya kwenye Babesia canis, ambaye ni kimelea tofauti na wa kwetu, wameona mwelekeo huohuo: HDL chini, trigliseridi juu.

Sasa, kabla hujaiamini hiyo namba, uliza mambo mawili. Damu ilitolewa mbwa akiwa hajala? Inatakiwa saa 12 hivi za kufunga. Akiwa ametoka kula, seramu inakuwa nyeupe na kuharibu hata vipimo vingine. Na je, alikuwa tayari amepewa prednisoloni? Madaktari wengine huitoa wakihofia kinga ya mwili inashambulia chembe nyekundu, na dawa hiyo yenyewe inapandisha mafuta.

Ninachokuomba ukitilie maanani kuliko vyote ni kongosho. Kuvimba kwa kongosho ni tatizo linalojulikana kwa mbwa wenye Babesia rossi. Wataalamu wa Afrika Kusini wameliandika vizuri. Nalo halipendi mafuta. Nasema hivi kwa sababu nyumba nyingi mbwa akitoka kwenye babesia anapikiwa supu ya mifupa yenye mafuta yanayoelea, "arudishe damu". Inaniuma sana kuona mbwa aliyepona kimelea akirudishwa anatapika, tumbo linamuuma, ameinama mbele na makalio juu. Damu inarudishwa na uboho wa mifupa kimelea kikishakufa, wala haihitaji mafuta. Mpe kuku asiye na ngozi na wali, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, maji yawepo muda wote. Mabaki ya kitimoto na vya kukaanga achana navyo kabisa. Akitapika au akiinama hivyo, mrudishe kliniki siku hiyohiyo.

Sindano ya pili ya imidokabu hutolewa baada ya siku 14, usiiruke kwa kuwa anaonekana mzima. Kipimo cha mafuta kirudiwe akishapona vizuri na anakula kawaida, kama wiki nne hivi, akiwa amefunga. Trigliseridi zikiwa bado ziko juu ya 500 mg/dL hapo sasa daktari ana kazi: aangalie kisukari, tezi ya shingo, tezi za juu ya figo. Na kama kolesteroli ndiyo iko juu badala ya kuwa chini, huku macho yakiwa ya njano, mwombe aangalie ini na njia ya nyongo.

Halafu omba maabara waitazame tena slaidi ya damu kutafuta erlichia (bakteria wanaoishi ndani ya chembe nyeupe za damu), maana kupe wa kahawia hueneza erlichia na Babesia vogeli pia, na dawa ya babesia haimalizi erlichia.

Ukiweza, weka hapa asilimia ya chembe nyekundu kwenye damu yake (PCV), namba kamili za trigliseridi na kolesteroli, na alikula lini kabla ya kutolewa damu, tuzisome pamoja.