"Open the light": niliyojifunza nikimfundisha Mchina neno moja

Jioni ya kwanza mimi na binti mmoja wa Kichina tulipokaa kusoma, chumba kilikuwa kimeanza kuingia giza. Akaniambia kwa Kiingereza: "Please open the light." Nikacheka. Halafu nikanyamaza, maana nilikumbuka kidato cha kwanza nilivyomwambia mwalimu "open the radio" na darasa zima likaangua kicheko. Nyumbani kwetu redio hufunguliwa. Mama akitaka kusikiliza taarifa ya habari anasema "hebu fungulia redio", na hakuna anayekwenda kutafuta bisibisi.

Hiyo ilikuwa Wuhan, nilikokwenda kusoma. Binti huyo alikuwa yǔbàn wangu, yaani mwenza wa lugha: saa moja ananifundisha Kichina, saa inayofuata namfundisha Kiingereza, na hakuna anayemlipa mwenzake. Ukienda kusoma China utaombwa msaada huo hata begi hujamaliza kulipakua, kwa hiyo nakuandikia wewe utakayeombwa.

Msamiati usikutie wasiwasi, wanao mwingi kuliko unavyodhani. Yeye alikuwa na kitabu kinene cha maneno ya sì jí, mtihani wa Kiingereza wa vyuo vikuu, ule wenye jumla ya alama 710 na ambao wengi hupigania kuvuka 425. Vitabu hivyo vingi hupangwa kwa alfabeti, na neno linalojulikana kwa kukaa mwanzoni ni "abandon", kutelekeza. Wanafunzi wenyewe hutaniana kwamba hilo ndilo neno wanalolielewa kuliko yote, kwa kuwa kitabu hukitelekeza hapohapo. Shida iko kwenye safu ya pili ya ukurasa. Kando ya "open" kimeandikwa kāi, basi, na mwanafunzi anajua kazi imekwisha.

Sasa hiyo kāi ni balaa. Herufi yake ya zamani ilichorwa lango ndani yake. Wachina waliporahisisha maandishi miaka ya 1950, lango likaondolewa ikabaki 开. Mimi huona ilikuwa haki, kwa sababu neno lenyewe lilishatoka langoni siku nyingi likaenda kuzurura. Wachina "hufungua" taa, gari, mkutano, utani na dawa. Ua likichanua limefunguka. Hata maji yaliyochemka ni kāishuǐ, na kwa kuwa wao hunywa maji moto mchana kutwa, niliwahi kukuta mlango wa chumba cha kuchotea umeandikwa "Open Water Room". Kwa Kiingereza "open water" ni maji ya bahari au ziwa, mbali na ufuko. Nilichungulia, nikakuta tangi la kuchemshia na chupa za chai zimepangwa sakafuni.

Makosa mengine yanachekesha zaidi kwa sababu sentensi imenyooka kabisa. Siku moja nampigia hapokei, mara ujumbe ukaingia: "Sorry, I am opening a meeting." Nikamwona mgeni rasmi mzima, kavaa suti, anakata utepe. Kumbe alikuwa amekaa tu kwenye kikao cha darasa. Kwa Kiingereza anayefanya "open a meeting" ni yule anayetamka kwamba kikao kimeanza. Waliobaki wote wako "in a meeting". Siku nyingine akanisimulia kwamba baba yake "opened the car" usiku kucha mpaka kijijini. Mswahili ukisikia mtu kafungua gari usiku kucha unajua injini imeshushwa chini na fundi kalala uvunguni.

Nilianza kwa kumsahihisha kosa mojamoja. Usifanye hivyo. Leo ukirekebisha taa, kesho atakuja na feni. Kilichosaidia ni kumpa karatasi na kumwambia aandike kila kitu ambacho kāi hukifanya kwao, bila kufikiria Kiingereza. Alijaza ukurasa. Tukaanza kugawa mafungu. Mlango, dirisha, macho, kitabu, duka na akaunti ya benki vilikubali "open". Vyenye umeme au maji ya bomba vikaenda kwa "turn on". Gari likapata "drive", mkutano ukapata "have", utani ukapata "make". Daktari yeye hufanya "prescribe". Nilimwambia asikariri neno peke yake tena. Aandike kitenzi pamoja na kitu chake, kama sufuria na mfuniko.

Simu ndiyo ilitukalisha. Kuiwasha ni "turn on", lakini ukishaiwasha unafanya "open" kwa WeChat, programu yao ya kutumiana ujumbe. Akauliza kwa nini, wakati umeme ni uleule. Jibu nililompa, ambalo bado nalitumia: ukimaliza kitendo, je, kuna ndani pa kuingia? Programu ina ndani, faili lina ndani, barua ina ndani. Taa haina. Kanuni hii haishiki kila mahali, ila inamtoa mtu mlangoni.

Kisha likaja swali lililonishinda. Mlangoni kwa kinyozi palikuwa na kibao, upande mmoja OPEN, upande wa pili CLOSED. "Kwa nini huyu ana D na yule hana?" Nikamjibu jibu la mwalimu mchovu: ndivyo ilivyo. Usiku nikiwa kitandani, Kiswahili kikanijibu. Sisi tunasema mlango uko wazi, halafu tunasema mlango umefungwa. Upande mmoja ni sifa tu, upande wa pili ni kitendo kilichokwisha kufanyika. "Open" ni wazi. "Closed" ni imefungwa. Na "opened" ni siku ile duka lilipofunguliwa. Asubuhi nilimwendea mbio kama niliyeokota dhahabu. Nikamtahadharisha pia na "the bank is close", ambayo huwaponza wengi. Ukisema hivyo, msikilizaji anaelewa benki iko karibu, anaifuata, na anakuta kufuli.

Kingine, msomee barua ya kujitambulisha kabla hajaituma. Yeye alikuwa ameandika "I am an open girl". Alikusudia kāilǎng, mchangamfu, na kamusi ikampa hilo. Nilimwandikia "cheerful" nikamwomba asiulize zaidi, kwa sababu hata kwao kumwita binti kāifàng (aliye wazi), ambalo ni jamaa wa neno hilo, kunaweza kumpa sifa asiyoitaka. Neno hilohilo liko kwenye jina la sera ya mageuzi na kufungua milango ya nchi iliyoanza 1978, na huko halimchafui mtu.

Nilijiona bingwa mpaka siku niliponunua kamusi nikahitaji risiti ya kupeleka ofisi ya chuo. Wachina "hufungua" risiti, kāi fāpiào. Mimi, na Kichina changu chote, nikamwambia muuzaji kwa heshima anikatie: qiē, kitenzi cha kukata nyama na vitunguu. Mzee akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akafungua mtoto wa meza akatoa mkasi.

Yǔbàn wangu alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi za duka. Halafu akatoa daftari, akanipa kalamu, akasema niandike kila kitu ambacho "kata" hukifanya kwetu, bila kufikiria Kichina. Nikaanza: tiketi, risiti, kona, kiu, tamaa, rufaa, shauri, kauli, roho. Akageuza ukurasa, akaniambia niendelee.