Potasiamu ya chakula inavyoiendesha NCC kwenye figo

Swali: Inasemekana mlo wenye potasiamu kidogo hupandisha shinikizo la damu hata chumvi isipoongezwa. Potasiamu inaigusaje sodiamu? Na mbona nilipowanywesha panya wa maabara potasiamu na kuwapima baada ya saa moja, kiasi cha NCC (protini ya figo inayosafirisha sodiamu na kloraidi) kilikuwa kilekile?

Jibu: Yote mawili yanaamuliwa katika mrija mpindano wa mbali wa nefroni, yaani kitengo kidogo cha figo kinachotengeneza mkojo. Hapo NCC hutoa sodiamu na kloraidi kwenye mkojo na kuziingiza ndani ya seli. Ndiyo protini inayozuiwa na dawa za thiazidi, zinazoongeza mkojo na kushusha shinikizo la damu.

Potasiamu ya damu ikishuka, ile iliyo ndani ya seli hutoka kwa wingi kupitia njia za Kir4.1/Kir5.1 za upande wa damu. Ndani ya seli huzidi kuwa hasi kiumeme, na kloraidi, iliyo hasi pia, husukumwa nje. Kiini ni hapo, na wengi hukiruka: kloraidi ndiyo inayokizuia kimeng'enya cha WNK4. Ikipungua, WNK4 huiwasha SPAK, kimeng'enya kingine, nayo SPAK huibandika NCC fosfati na hivyo kuiamsha. Sodiamu inarudi mwilini, shinikizo linapanda. Inayobaki kufika mbele zaidi kwenye mrija, kwenye ENaC (njia ya kuingizia sodiamu), ni kidogo, na sodiamu isipoingia pale hakuna nguvu ya umeme ya kuitoa potasiamu kwenye mkojo kupitia ROMK, njia ya potasiamu. Figo huokoa potasiamu, chumvi ikibaki mwilini.

Potasiamu ikiwa nyingi, mambo hugeuka: NCC huvuliwa fosfati katika dakika chache, sodiamu hufika mbele, potasiamu hutolewa. Aldosteroni, homoni ya tezi za adrenali, huongezea nguvu ENaC baadaye.

Kwa hiyo kipimo chako hakikukosea, kilipima kitu kingine. Kiasi cha jumla cha NCC hubadilika polepole, kwa siku kadhaa. Kwa saa moja, tumia kingamwili inayotambua NCC yenye fosfati, kwa mfano kwenye threonini (asidi amino) ya 53 ya NCC ya panya, kisha uilinganishe na NCC ya jumla. Weka vizuizi vya fosfatasi (vimeng'enya vinavyoondoa fosfati) kwenye bafa kabla ya kusaga figo, na sampuli zikae kwenye barafu. Ukichelewa, fosfati hupotea na utadhani ni kazi ya potasiamu. Sodiamu ilingane katika makundi yote. Kumbuka pia kwamba kloraidi ya potasiamu na sitrati ya potasiamu hazileti matokeo sawa, kwa hiyo usizichanganye. Tena chukua figo saa ileile kwa panya wote, maana fosfati ya NCC hupanda na kushuka kufuata usiku na mchana.