Je, ni kosa kuwabeba waumini wasio na makaratasi kwenye gari la kanisa?

SWALI: Bwana asifiwe, Mhariri. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa Waswahili hapa Lexington, Kentucky. Wengi wetu tulikuja kama wakimbizi kutoka Kongo na makaratasi yetu yako sawa, lakini tunao pia waumini ambao viza zao ziliisha zamani. Kila Jumapili gari la kanisa huwapitia majumbani, na Jumamosi huja kuchukua unga, maharage na mafuta ya kupikia. Wiki iliyopita dereva wetu aliweka funguo mezani akasema hayuko tayari kufungwa kwa ajili ya safari za watu. Je, ana sababu ya kuogopa?

JIBU: Shikamoo Mzee. Dereva wenu haogopi kivuli, kwa kuwa suala la gari la kanisa limewahi kufika mahakamani. Mwaka 2011 jimbo la Alabama lilipitisha sheria iliyojulikana kama HB 56, ambayo pamoja na mengine ilifanya kuwa kosa kumsafirisha, kumhifadhi au kumpangisha nyumba mtu ambaye unajua kuwa yumo nchini bila kibali, au unafumbia macho dalili za jambo hilo. Agosti mwaka huo maaskofu wa Kiepiskopali, Kimethodisti na Kikatoliki wa jimbo hilo walifungua kesi, wakieleza kwamba sheria ingewageuza wahalifu watu wanaogawa chakula na kuwapeleka waumini ibadani. Mwezi uliofuata jaji alisimamisha kifungu hicho, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kusikiliza rufaa ya Alabama.

Naomba hapa tusishangilie haraka, maana wengi huisimulia habari hiyo kana kwamba dini ndiyo iliyoshinda. Kifungu kilianguka katika kesi ya serikali kuu, kwa hoja kwamba masuala ya uhamiaji ni yake na si ya jimbo. Kesi ya maaskofu yenyewe haikufika kwenye hoja ya imani. Sheria ya serikali kuu inayokataza kuwaficha na kuwasafirisha wasio na kibali bado ipo, na adhabu yake yaweza kufika miaka 5 hata pale ambapo hakuna aliyelipwa. Mwaka 1986 huko Tucson, Arizona, watu 8 wakiwamo mchungaji wa Kipresbiteri John Fife, mapadri na mtawa walitiwa hatiani kwa kuwasaidia wakimbizi wa El Salvador na Guatemala, baada ya wapelelezi wa serikali kuketi nao hata katika mafunzo ya Biblia wakiwa na vinasa sauti mafichoni. Jaji hakuwaruhusu kujitetea kwa hoja ya imani, ingawa mwishoni wote walipewa kifungo cha nje.

Hata hivyo, kazi yenu si kama ile ya Tucson, ambako watu walivushwa mpaka. Sheria inataka safari yenyewe iwe inaendeleza ukaaji wa mtu usio halali, na kumpeleka muumini ibadani mchana kweupe, kwa ratiba iliyotangazwa kwa kila mtu, ni vigumu kuita hivyo. Mambo hubadilika pale dereva anaposikia kwamba maofisa wa uhamiaji wako mtaa fulani, akageuza njia ili kumficha abiria wake. Msifanye hivyo. Katika daftari la chakula andikeni jina na idadi ya watoto tu, kwa kuwa kanisa halina wajibu wa kuuliza viza, na daftari lenye habari hizo laweza kuja kutakiwa na mahakama.

Kuhusu jengo lenyewe, Januari 2025 serikali iliondoa mwongozo wa mwaka 2021 uliowazuia maofisa kukamata watu makanisani isipokuwa kwa sababu maalumu. Mwezi uliofuata jaji wa Maryland aliwalinda Waquaker (kundi la Kikristo) na wenzao waliofungua kesi, lakini amri hiyo haiwahusu ninyi. Ofisa aweza kuingia ukumbini penye mlango wazi kama mtu mwingine yeyote. Chumba cha ofisi au cha wachungaji kinahitaji hati iliyosainiwa na jaji, wala si karatasi iliyosainiwa na idara ya uhamiaji yenyewe. Mwonyesheni mhudumu wa mlangoni tofauti hiyo kwa mifano iliyochapwa. Hofu hii si ya kwenu peke yenu: Julai 2025 askofu Mkatoliki wa San Bernardino, California, aliwaruhusu waumini wanaoogopa kukamatwa kubaki nyumbani Jumapili.

Mathayo 25, penye habari ya kuwalisha wenye njaa na kuwakaribisha wageni, unaijua kuliko mimi, Mzee, kwa hiyo hapo sikufundishi. Mtafuteni wakili wa uhamiaji azungumze na kamati yenu, na dereva awepo aulize mwenyewe. Asiporidhika baada ya hapo, msimlazimishe. Mpeni funguo mwingine mwenye leseni.