Maswali Yenu: Picha ya Fremu Ifike Nzima

Swali: Nilimtumia dada yangu aliye Kisumu picha ya harusi kwa basi. Fremu ni ya sentimita 50 kwa 70, ina kioo. Niliifunga magazeti, nikaizungushia blanketi, nikaandika "KIOO" pande zote. Ilifika kioo kikiwa vipande na picha imekwaruzwa. Nataka kutuma nyingine kabla ya Krismasi. Nilikosea wapi?
*Mama Wawili, Umoja*

Jibu: Mama Wawili, blanketi lilikuwa na unene, ila halikuwa na ugumu. Kioo cha fremu za kawaida ni cha milimita 2 tu. Ukikilaza kwenye buti ya basi bila kitu kigumu cha kukilinda, kila gunia linalotupwa juu yake linakipinda, na kioo hakijui kupindika. Maandishi nayo yana kikomo: mpakizi wa usiku kule River Road anatafuta nafasi, hasomi.

Anza na kioo chenyewe. Kibandike tepu ya karatasi, ile ya mafundi wa rangi, kwa umbo la X, kisha ongeza mistari miwili mitatu ya kukatiza. Haitazuia kioo kuvunjika. Kazi yake ni kushika vipande visiikwaruze picha. Selotepu ya kahawia iepuke, gundi yake hubaki kwenye kioo na kwenye fremu. (Kama si kioo bali akriliki, yaani plastiki angavu inayofanana na kioo, usibandike kitu, funika tu kwa karatasi laini na safi.)

Juu ya kioo weka kadibodi uliyoikata kwa kipimo cha fremu, na nyingine nyuma. Halafu pembe. Mzigo ukianguka, mara nyingi hutua kwa pembe, na kishindo chote huishia hapo: maungio yanaachana, kioo kinafuata. Kunja kadibodi tabaka mbili uivishe kila pembe, ndipo uzungushe nailoni ya viputo mara tatu. Ukituma picha mbili pamoja, zitazamane kioo kwa kioo na kadibodi katikati, la sivyo ndoano ya moja itakwaruza uso wa mwenzake.

Sasa boksi. Kwenye maduka ya televisheni ya Luthuli ulizia boksi tupu la runinga. Ni jembamba na limeundwa kusafiri likiwa wima. Fremu yako inataka nafasi ya angalau sentimita 60 kwa 80 ndani, yaani sentimita 5 za kujaza kila upande. Boksi la inchi 32 litakuwa fupi, kwa hiyo chukua kubwa zaidi ukate urefu unaozidi. Jaza karatasi zilizofinyangwa kwa nguvu, chini na juu pia, kwa sababu mtikisiko wa safari hulegeza karatasi iliyowekwa ovyo. Funga, kisha tikisa. Ukisikia kitu kinatembea, fungua uongeze. Mwombe mpakizi alisimamishe ubavuni mwa buti, lisilazwe.

Kuna njia rahisi kuliko zote hizi: toa kioo, tuma fremu na picha, na dada akatiwe kioo kipya na fundi wa fremu hukohuko. Utapunguza karibu kilo moja na robo tatu pia.

Swali: Nina mchoro wa rangi kwenye turubai, sentimita 90 kwa 70, zawadi ya rafiki aliye London. Bei niliyotajiwa ya kuusafirisha kwa ndege imenishtua, na mchoro wenyewe ni mwepesi!
*K., Lang'ata*

Jibu: Mizigo ya ndege hutozwa kwa nafasi inayochukua pale nafasi inapozidi uzito. Kampuni nyingi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5,000. Boksi la 105 kwa 85 kwa 15 linahesabiwa karibu kilo 27, hata likiwa na kilo 4.

Kama rangi imekauka kabisa na si nene, vua turubai kwenye mbao zake. Lifunike kwa karatasi laini isiyo na tindikali, ulikunje kama mkeka upande wa rangi ukiwa nje. Ukiwa ndani, rangi hubanwa na kufanya mikunjo. Nunua bomba la plastiki la inchi 4 kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ukate sentimita 80, uzibe ncha zote kwa vifuniko vyake. Hesabu inashuka hadi kilo 2 na nusu hivi. Rangi nene iliyopakwa kwa kisu usiikunje, itapasuka. Hiyo lipia boksi. Na nailoni ya viputo isiguse rangi moja kwa moja, huacha alama za duara.

Kwenye fomu ya forodha andika "zawadi" na thamani ya kweli. Uingereza hutoza VAT zawadi inayozidi pauni 39, kwa hiyo mtahadharishe rafiki.

Swali: Karatasi ya zawadi niiweke wapi?
*Msomaji, Kasarani*

Jibu: Ndani, juu ya nailoni ya viputo, kabla ya kuingiza kwenye boksi. Ikiwa nje itafika imechanika. Upande wa kufungulia andika "USITUMIE KISU", na kunja ncha ya selotepu ili apate pa kushika.