Bastola nyembamba zaidi ni Glock 36, si Glock 30
Ndugu uliyeuliza ipi kati ya hizi mbili ni nyembamba kwa kubeba kiunoni, zote mbili hutumia risasi nene na nzito iitwayo .45 ACP, lakini magazini (kikasha cha risasi) ya Glock 36 hupanga risasi 6 katika safu moja, ilhali ile ya Glock 30 hubeba 10 katika safu mbili, na hapo ndipo unene unapotokea. Kwa joto letu la Tabora mwezi wa Oktoba, mtu anapovaa shati jepesi tu, unene huo huonekana kiunoni kabla ya urefu. Nayasema haya kwa kuwa nina kibali na nimezishika zote mbili: mpini wa bastola fupi namna hii huacha kidole cha mwisho kikining'inia, na risasi nzito inapotoka mkono hurushwa juu kwa nguvu. Kwa sababu hiyo, asiye na mazoezi ya kutosha namshauri kwa dhati achukue Glock 26 inayotumia risasi nyepesi zaidi ya milimita 9, nayo hubeba 10. Hata hivyo, usilipie silaha yoyote kabla ya kupata kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.